Ganda Ambalo Sikuliona

Vijana mliobaki pale kituo cha utafiti Kitale, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu na mboga za kienyeji kabla sijaanza kusahau. Bado sijaanza, asanteni. Mambo ya kupandishwa cheo hamtayakuta hapa, maana yalikuwa machache na hayakuniongezea akili. Nitaandika juu ya mmea mmoja, mitoo, ile mboga chungu ya maua ya manjano ambayo Wabukusu wanaiita kimiro, na juu ya msimu mmoja ambao niliuharibu mimi mwenyewe. Mkitaka ya kuchekesha, mwulizeni dereva.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Njeri. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia yeye akiwa mdogo, na wakati nafika alikuwa ameshakaa kituoni miaka mingi kuliko mabati ya stoo. Alisimamia mbegu na chumba cha mimea iliyokaushwa. Shingoni alivaa lenzi ndogo iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na kwenye meza alikuwa na mbao mbili, mikanda ya ngozi na rundo la magazeti ya zamani ya kukandamizia mimea. Nilikuwa nimetoka chuo na shati jeupe, na kiherehere kingi.

Akanitandikia matawi matatu makavu. "Nionyeshe mitoo."

Nikaangalia. Yote matatu yalikuwa na vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja. Yote yalikuwa na maua ya manjano. Nikasema yote ni mitoo.

"Haya," akasema, "umeshaua watu wawili na hata chai ya saa nne hatujakunywa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba jamii ya kunde ina ukoo mmoja mkubwa wa mimea ya namna hii, na ndugu wenyewe wanafanana mno. Wachache wanaliwa. Wengine wana sumu ambayo haikuangushi leo wala kesho, inakula ini polepole, la mtoto kabla ya la mtu mzima, na mtu akija kugundua ameshachelewa. Akanipa lenzi nitazame maganda. Ganda la mitoo tunayokula ni jembamba, limejaa hewa, linapinda kidogo kwenye ncha, na vinyweleo vyake ni vifupi vimelala. Moja kati ya yale mengine mawili lilikuwa fupi nene, na vinyweleo vyake vimesimama wima kama mgongo wa kiwavi.

"Ua, ganda, mbegu," Mama Njeri akasema. "Kabla hujaona zote tatu, funga mdomo. Kwa mche kila mtu anabahatisha tu."

Alinifundisha pia kuipanda. Mbegu ni ndogo mno, kwa hivyo unaichanganya na mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mfereji wa kina kidogo, la sivyo inaota kama nywele. Ikifika kimo cha goti unakata kichwa ili itoe matawi. Unachuma baada ya wiki sita hivi, na unaacha kona moja isichumwe, hiyo ni ya mbegu. Ganda likikauka ukalitikisa, linalia kama kayamba. Mking'oa mmea mmoja, pasueni vile vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani, shamba linapata mbolea ya bure. Mimi nilipenda sana kuwaonyesha wakulima hilo. Wazee walikuwa wananiangalia kama mtu anayefanya kiini macho.

Sasa nije kwenye msimu wenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Watu walikuwa wameanza kuzikumbuka mboga za kienyeji baada ya kuchoka na sukuma wiki, na sisi tulikuwa tunasambaza mbegu kwa vikundi vya akina mama. Wakati huo huo stoo yetu ilikuwa na mbegu nyingine za mimea ya kurutubisha udongo, ambayo hupandwa ikalimiwa chini na hailiwi na mtu. Magunia yalikaa kwenye rafu moja. Panya nao walikuwa wafanyakazi wenzetu, na kazi yao ilikuwa kula lebo.

Kikundi kimoja kilikuwa kwenye kijiji cha mbele kidogo ya Sirisia. Mwenyekiti wake aliitwa Nasimiyu, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Wekesa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka minne mwenye maswali kuliko mkaguzi. "Mbona gari yenu iko na jicho moja?" aliniuliza siku ya kwanza. Taa moja ilikuwa imevunjika tangu Krismasi. Nikamwambia lile lingine limelala, na tangu siku hiyo kila nikifika alikuwa anakimbia kwenda kuangalia kama limeamka.

Pale kwao mbegu ya kimiro hainunuliwi. Mama mkwe humpa mke wa mwanawe ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, naye huitunza ili aje awape wake wa wanawe. Mama mkwe wa Nasimiyu, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa amempa ya kwake. Paa la jikoni likavuja mwaka mmoja, mbegu ikaoza yote. Kukhu hakulisahau hilo. Alikuwa ameanza kuingiwa na ukungu machoni, lakini ulimi wake ulikuwa unaona vizuri sana.

"Mbegu ya mama yangu na ya nyanya yangu," alikuwa anasema, "imeishia kwa huyu."

Kwa hivyo Nasimiyu aliposikia nitaleta mbegu, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Bwana Kilimo, ukiniletea hiyo kimiro, mimi nitapumua kwa hii boma."

Nilirudi stoo nikakuta gunia moja halina lebo. Kwa rangi na ukubwa niliona ni mitoo. Nikaotesha chache kwenye trei, zikatoa vijani vitatu vitatu, nikaridhika. Ilipaswa nizipande kwenye kitalu nyuma ya ofisi nisubiri zichanue na kuweka maganda, miezi mitatu na zaidi. Lakini mvua ya masika ilikuwa imeshaanza kunyesha Bungoma, na nilikuwa nimeahidi.

Mama Njeri ndiye aliyekuwa anatia sahihi kadi ya kutoa mbegu. Alinitazama juu ya miwani.

"Umeona ganda?"

"Nimeona," nikasema.

Neno moja tu. Alikuwa ananiamini, akatia sahihi.

Zilipandwa kwenye kipande cha Nasimiyu, mbele ya nyumba, na zilistawi ajabu. Mwezi wa tano nilipokwenda, akina mama walikuwa wanachuma. Nasimiyu aliniita kando akanionyesha tawi.

"Bwana Kilimo, usikasirike, nataka tu kujua. Hii majani mbona ni pana? Ile ya Kukhu ilikuwa nyembamba, ilikuwa kama kisu."

Alikuwa ameona. Macho ya mwanamke aliyechuma kimiro tangu utotoni yaliona jambo ambalo mimi na cheti changu tulikataa kuona. Na mimi nilimjibuje? Nilimwambia, "Mama Wekesa, hii imeboreshwa. Jani pana ni mboga nyingi."

Wenzake wakamcheka. "Ati anaogopa mboga ya selikali! Si uwachie sisi, bana!"

Akacheka naye. Uchungu haukumshtua mtu, kwa sababu kimiro ni chungu tangu zamani. Wanaipika na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage, wanailaza na maziwa, uchungu unapoa. Wenzake walikuwa wanauza nyingi ya sehemu yao sokoni na kubaki na kidogo. Nyumba ya Nasimiyu ndiyo iliyokuwa inakula kila siku, maana shamba lilikuwa mlangoni. Kukhu hakula. Meno yalikuwa yamemwisha, aliishi kwa uji na maziwa.

Mwezi wa sita Wekesa hakukimbia kuja kuangalia taa. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, miguu imekonda na tumbo limejaa. Nasimiyu akaniambia alikuwa amempeleka zahanati na muuguzi alimgombeza mbele ya watu. Ati huyu mtoto hana lishe, mnakula nini huko kwenu, mpe mboga, mpe maharage, mpe maziwa.

"Nilisikia aibu, Bwana Kilimo. Na mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mboga."

Sasa andikeni hapa, vijana, au msiandike, lakini mjue. Nilimwangalia yule mtoto, nikaangalia lile shamba zuri, nikamwambia mama yake hivi: "Mwongezee mboga. Mpe mara mbili kwa siku. Hiyo mboga inaongeza damu."

Akafanya hivyo. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo.

Wiki nne baadaye nilirudi kuona kama ile kona ya mbegu imeiva. Nilitoka kwenye gari nikiwa napiga mluzi, hilo nalikumbuka. Nikainama, nikashika ganda la kwanza. Lilikuwa fupi, nene, linaning'inia, na vinyweleo vyake vimesimama wima. Nikatoa lenzi, nikairudisha mfukoni. Sikuhitaji lenzi. Nililijua lile ganda tangu siku yangu ya kwanza kazini, nililiona kwenye meza ya Mama Njeri.

Niliwaita akina mama waliokuwa karibu nikawaambia wang'oe yote, wachome, mtu asile hata jani. Waliniuliza kuna nini.

"Ina ugonjwa," nikasema.

Huo ulikuwa uongo mwingine. Nikauliza, "Wekesa yuko wapi?"

"Amepelekwa Bungoma juzi. Tumbo imezidi."

Nilimkuta Nasimiyu hospitali ya Bungoma, kwenye benchi nje ya wodi. Nilimpita nikaingia kwanza kwa daktari. Nikamweleza mmea ni upi na mtoto ameula kwa muda gani. Alinisikiliza vizuri, akaandika, akaniambia kwamba ini limeharibika na hana cha kulirudisha, na kwamba hawezi kuapa kwa asilimia mia kuwa ni ile mboga. Ndani nilimwona Wekesa. Macho yake yalikuwa manjano kama yale maua. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama jicho la gari limeamka. Nikamwambia limeamka, na halikuwa limeamka.

Nilitoka nikaketi karibu na mama yake. Nilikuwa nimepanga maneno yote kichwani tangu Sirisia. Yeye akanitangulia.

"Umekuja mbali sana, Bwana Kilimo. Nilimpa. Mara mbili kwa siku, vile ulisema. Alikuwa anakataa na nilikuwa namshika."

Nilikaa pale nikiangalia viatu vyangu, kisha nikasema inabidi nirudishe gari. Wekesa alifariki siku ya tatu.

Nilienda mazishini kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Watu walipokuwa wameketi uani, Kukhu alisimama na fimbo yake. Hakupaza sauti.

"Ng'ombe wa maziwa amefungwa hapo. Mahindi iko. Mboga iko mlangoni. Na mtoto wa mwanangu ameambiwa kwa zahanati hana lishe, akaenda na tumbo ya njaa. Huyu aliachia mbegu yangu ikaoza, sasa ameachia mtoto. Asiitwe tena kwa jina la Wekesa. Aitwe kwa huyo mdogo, kama atamwezea."

Mume wa Nasimiyu aliangalia chini. Kuanzia siku hiyo Nasimiyu alikuwa Mama Nafula, kwa jina la binti yake wa mgongoni. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nimesimama na kofia mkononi, na ndani ya kichwa changu mlikuwa na maneno ya kumwokoa. Sikufungua mdomo. Niliogopa. Niliogopa wale wanaume, niliogopa polisi, niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa uso wake.

Ofisini mkubwa wangu alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Aliniambia niandike kwamba zao halikuhimili mvua. Niliandika, nikatia sahihi. Ripoti hiyo bado ipo, mkiitafuta mtaiona, imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Watoto wawili wa majirani walikuwa wameanza kuvimba, wakapona baada ya mboga kung'olewa. Nilizipata habari hizo kwa kuulizia pembeni, kama mwizi.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote, na mliokuja baadaye mlinisifu kwa ukali wangu stoo. Lebo nilizitia mbili, moja ndani ya gunia na moja nje, kwa penseli, maana wino unafutika. Kila mbegu mpya niliipanda nyuma ya ofisi hadi ganda. Nilikwenda Kimilili, nilipanda milima ya Kapsokwony kwa pikipiki, lakini safari za Sirisia nilikuwa nawaachia wengine. Nilisema mgongo unauma ile barabara. Mgongo ulikuwa mzima.

Mama Njeri alikuwa ameshastaafu. Mwaka wa nne baada ya hayo nilisikia anaumwa, nikaenda kumsalimia shambani kwake nje ya Kitale. Alikuwa amekonda, amelala sebuleni karibu na dirisha, na lenzi yake imening'inia kwenye msumari ukutani. Tuliongea juu ya mahindi, juu ya watoto wake. Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono.

"Ile kadi ya Sirisia," akasema. "Uliona ganda?"

Miaka minne. Alikuwa anajua, na alikuwa ananingoja.

"Sikuona, Mama."

Alifumba macho. "Nilitia sahihi," akasema. "Mimi siwezi kutembea tena. Wewe una miguu. Nenda."

Nilimwambia nitakwenda wiki ijayo. Akaniambia, "Kesho." Nilikwenda kesho yake.

Nilimkuta Nasimiyu anapalilia mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka minne. Alinisalimia vizuri, akanikaribisha, na nilipotaka kuanza akaona uso wangu akasimamisha jembe. Nikamwambia yote palepale kati ya mistari. Gunia lisilo na lebo. Kadi. Jani pana. Vinyweleo vya lile ganda. Nikamwambia mtoto wake hakufa kwa njaa, alikufa kwa mboga niliyoleta mimi, na kwamba nilijua tangu kabla hajazikwa.

Jembe lilimtoka mkononi. Nilingoja anipige, na nisingekinga.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza majani."

"Uliniuliza."

"Na ukaniambia nimpe mara mbili."

"Nilikuambia."

Kisha akafuta uso kwa kanga na kuanza kutembea kuelekea nyumbani, bila kuniangalia kama namfuata. "Kuja," akasema. "Kuja usemee hapa."

Aliwaita wote. Mume wake alitoka zizini. Majirani wawili waliokuwa wanapita njiani aliwasimamisha, na kijana wa tatu akamtuma awaite wengine. Binti yake Nafula alikuja akasimama karibu na mlango. Kukhu alikuwa ameketi kwenye mkeka juani, macho yote mawili yamekuwa meupe sasa, na alitega sikio upande wangu.

"Ni nani?"

"Ni yule mtu wa kilimo," Nasimiyu akasema. "Iko kitu ataambia nyinyi. Sema. Sema polepole, Kukhu asikie."

Nikasema. Nilipofika kwenye ile "mara mbili kwa siku" nikaharakisha, na Nasimiyu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Mume wake alinisogelea hatua mbili, ngumi imekunjwa, kisha akageuka akaenda kuegemea ukuta na mabega yakaanza kutikisika.

Vidole vya Kukhu vilikuwa vinapapasa ukingo wa mkeka. Nilidhani hajaelewa, nikataka kuanza upya, ndipo akauliza, "Kwa hivyo mtoto alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, Kukhu. Mama yake alimlisha kila siku."

Bibi akainamisha kichwa. Kisha akageuza yale macho meupe upande alikokuwa amesimama mkaza mwanawe, akasema kwa sauti ya mtu anayejifunza neno upya, "Mama Wekesa. Mletee mgeni kiti."

Nilimwona Nasimiyu akilisikia lile jina. Lilimpiga kifuani, akafunika mdomo kwa mikono miwili na machozi yakapita kati ya vidole. Nafula alikwenda akamshika kiuno.

Lakini kiti Nasimiyu hakukileta. Alisimama pale pale hadi alipoweza kusema. "Asimame," akasema. "Amalizie. Kuna wenye hawajasikia, nimetuma waitwe."

Nikabaki nimesimama, na walipofika nikaanza tena tangu mwanzo.